Diski ya Bibi isiformatiwe

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Natumai watoto na mama yao hawajambo, na goti la Ami limepoa. Huku wazima, alhamdulillahi, ila joto halitupi usingizi. Salamu zaidi baadaye, kwani nina haraka nawe.

Dadako kanambia diski ya nje yenye kaseti za Bibi imekataa kufunguka kwenye kompyuta yako ya Linux, na kesho fundi wa hapo Malindi ataiformati, yaani kuifuta yote ianze upya. Athmani, nakuomba sana, usimpe! Kaseti zenyewe zimeshaliwa na ukungu. Sauti ya Bibi akisoma tenzi imebaki humo tu, pahali pengine haipo.

Nimeitazama picha ya kioo aliyonitumia. Ule ujumbe unaotaja superblock, sehemu inayoieleza Linux mpangilio wa diski, unatisha, lakini Linux huutoa kwa sababu nyingi, na si zote zina maana kuwa diski imekufa. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike lsblk ili uone orodha ya diski. Ukiona sdb na chini yake sdb1, pamoja na ukubwa wa diski ulio sawa, basi kompyuta inaiona na kilichokwama ni kuifungua tu. Isipoonekana kabisa, badilisha waya kwanza, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye ile habu ya matundu manne. Diski za kuzunguka zinataka umeme wa kutosha, na hewa yetu ya chumvi huzila zile shaba za ncha.

Kisha andika sudo dmesg, inayoonyesha taarifa za Linux yenyewe, usome mistari ya mwisho. Hapa ndipo penye kazi. Ukikuta I/O error, yaani kosa la kusoma au kuandika, inajirudia, au diski inagonga-gonga, ichomoe na usijaribu kitu kingine. Hiyo ni diski mgonjwa, na kila jaribio linaimaliza. Ninayo programu ya ddrescue ya kunakili kilichobaki kabla ya tiba yoyote. Ukikuta neno dirty, shukuru Mungu. Maana yake ni kuwa Windows iliiacha diski bila kuifunga sawasawa.

Nashuku ni hilo la pili. Laptopu ya mwanao ni ya Windows, na Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki kikamilifu. Ina kitu kinaitwa Fast Startup kinachohifadhi hali yake ili iwake upesi. Diski ikiwa imechomekwa wakati huo, au ikichomolewa kwa ghafla, inabaki na alama ya kutofungwa. Linux inaiona alama hiyo na kukataa kuandika isije ikaharibu, na mimi naona inafanya vyema. Dereva wa ntfs3, programu ya kufungulia diski za Windows iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 5.15 mwaka 2021, ni mkali zaidi kwa hilo.

Kwa hivyo, fungua kwa kusoma tu:

sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdb1 /mnt

Ikifunguka, nakili faili zote za Bibi mahali pawili kabla ya jambo lolote. Zisikilize, usitazame majina tu. Ndipo uirudishe diski kwenye Windows, uiendeshee chkdsk, programu yake ya kukagua diski, kisha ubofye Restart badala ya kuzima, na uitoe kwa utaratibu. Watu watakwambia ntfsfix ya Linux inatosha. Inaweza kuifuta alama na kurekebisha machache, lakini haifanyi ukaguzi wa chkdsk, na kwa sauti ya Bibi sitaki njia ya mkato.

Ile amri nimeiandika kwa diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Lau ni exFAT, mpangilio mwingine, mambo ni mengine: kerneli ilianza kuisoma yenyewe kwenye toleo la 5.4, mwaka 2019, na kompyuta yako ni ya zamani...

Bi Mkubwa anakusalimu, na anauliza habari ya zile nazi.

Sasa niambie: lsblk -f inasema ni NTFS au exFAT? uname -r inatoa namba gani ya kerneli? Diski imeanguka, au imepata maji? Nani aliitumia mwisho, na kwenye mashine ipi? Fundi ameshaigusa? Na kama unaogopa kuandika amri hizi peke yako, waonaje ukimpa dadako aje nayo Alhamisi, aibebe mkobani mwake, si kwenye buti ya matatu?

Nijibu usiku huu huu, hata ukichelewa. Niko macho.

Wasalaam,
Nduguyo Salim