Ulaya haijaacha kulima

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu matunda na mboga za Ulaya ilieleza vizuri habari za joto na ukame. Mwisho wake ndio ulionishinda: eti Ulaya inaishiwa, hivyo mkulima wa Njombe aongeze miche ya parachichi haraka.

Tukumbuke Februari 2023, maduka makubwa ya Uingereza, Tesco na Asda yakiwemo, yalipoweka kikomo cha nyanya anazoruhusiwa mteja mmoja kununua. Baridi ilikuwa imechelewesha mavuno ya Uhispania na Moroko. Gesi nayo ilikuwa imepanda bei, hasa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na baadhi ya wakulima wa Uingereza na Uholanzi wakaona heri vitalu nyumba vikae vitupu kuliko kuvipasha joto kwa hasara. Huo ulikuwa upungufu wa msimu. Mparachichi hupandwa kwa miongo.

Mabadiliko ya kudumu yanaonekana Almería, kusini mwa Uhispania, ambako zaidi ya hekta 30,000 zimefunikwa kwa plastiki katika eneo lililo nusu jangwa. Huko nyanya zimepungua kwa sababu Moroko inauza kwa bei nafuu, na wakulima wamegeukia pilipili hoho. Visima vilipovutwa kupita kiasi vikaingia chumvi, wakaanza kumwagilia pia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Ni ghali, lakini wanalima. Na kaskazini, Poland, inayoongoza Umoja wa Ulaya kwa matufaha, ilihangaika Urusi ilipopiga marufuku matunda yake Agosti 2014. Shida yao ilikuwa mavuno kukosa mnunuzi.

Ila kisa ambacho makala ilipaswa kukitaja ni cha Axarquía, mkoani Málaga, kwa kuwa kinahusu parachichi hasa. Bei ilipokuwa nzuri, kila mwenye kilima alipanda parachichi na maembe, wengi wakitegemea bwawa moja, La Viñuela. Miti ikaongezeka kupita maji yaliyokuwepo. Mvua zikakosekana mwaka hadi mwaka, na 2023 bwawa likashuka chini ya asilimia 10 ya ujazo wake. Umwagiliaji ukabanwa, wakulima wakakata matawi hadi shina ili mti usife, wengine wakang'oa kabisa. Mvua kubwa za Machi 2025 zimeliletea bwawa nafuu, lakini aliyekwisha kung'oa anaanza na mche.

Na hata hao walipokosa mavuno, rafu za Ulaya hazikubaki wazi. Kiangazi chao hujazwa na parachichi za Peru, meli kwa meli. Mkulima wetu anaingia soko hilo hilo, kwa safari ndefu na makontena ya baridi yasiyotosha.

Sisemi Njombe au Rungwe wasipande. Nasema anayewahimiza awaambie pia mto upi utamwagilia miti hiyo, na ni mashamba mangapi yamesharuhusiwa kuchota humo. Mwandishi wenu aende ofisi ya bonde la maji akaulize, kisha mtuchapishie majibu.

Msomaji wenu,
Makambako