Kadi ina jina langu

Mhariri,

Mimi nauza mchele sokoni hapa Morogoro. Pikipiki yangu nilimpa kijana wa jirani kwa mkataba: hesabu shilingi 10,000 kwa siku, miezi 14, kisha iwe yake. Siku moja akamwazima rafiki yake apeleke abiria Kihonda. Huyo rafiki akamgonga mama aliyekuwa anavuka na ndoo ya dagaa, mguu ukavunjika.

Kituoni askari alisoma kadi ya pikipiki, akaniangalia. "Bima iko wapi, mama?" Ilikuwa imekwisha siku 9 nyuma. Kila jioni nilipokea hesabu, nikahesabu noti, tarehe ya bima sikuikumbuka.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, haimbani dereva peke yake. Kumruhusu mtu aingie barabarani na chombo kisicho na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumfidia anayeumizwa na chombo hicho, nako ni kosa. Yule rafiki sikumruhusu, hata simjui. Lakini kijana wangu nilimruhusu kila asubuhi! Na kwenye fidia, wakili ananiambia tutabishania kama safari ile ilikuwa kazi yangu au ya kwao wawili.

Mkataba wetu upo kwenye karatasi ya daftari, na shahidi mmoja. Umetaja hesabu, oili, hata kofia. Ajali haimo.

Enyi wenzangu mnaotoa pikipiki kwa mkataba, andikeni kwamba haiazimwi, na bima mkate wenyewe. Mama wa dagaa bado amefungwa hogo. Jumamosi nampelekea mchele.

Mama Muuza Mchele,
Morogoro