Kompyuta ndogo za mezani: tupunguze wati kabla ya kuongeza feni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie jambo ambalo kurasa za teknolojia za magazeti mengi, si lako peke yake, hulipitia juujuu kila zinapowashauri wasomaji kuhusu kuunda kompyuta ndogo ya mezani. Jambo lenyewe ni joto la prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Ushauri unaotolewa karibu kila mara ni uleule: nunua kipoza kikubwa zaidi, ongeza feni, au weka mfumo wa kupozea kwa maji. Mimi ni fundi wa kuunda na kutengeneza mashine za aina hiyo, na kwa heshima zote napenda kusema kwamba ushauri huo unaanzia mwisho. Katika kasha dogo, swali la kwanza ni prosesa itaruhusiwa kutumia wati ngapi, kwa sababu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto, na joto hilo halina budi kubebwa na hewa hadi nje ya kasha.

Hesabu ya hewa ni rahisi. Lita moja ya hewa ya chumbani ina uzito wa takribani gramu 1.2, na huhitaji takribani jouli 1.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Tuchukue mashine ambayo prosesa na kadi yake ya michoro kwa pamoja zinatumia wati 200, kiwango ambacho siku hizi si kikubwa, kisha tukubali kwamba hewa inayotoka iwe na joto lililozidi lile la chumba kwa nyuzi 10. Zitahitajika zaidi ya lita 16 za hewa kila sekunde. Maana yake ni kwamba kasha la lita 10, ambalo sehemu kubwa ya nafasi yake imeshachukuliwa na ubao mama, nyaya, pawasaplai na kadi yenyewe, litapaswa kubadilisha hewa kiasi cha ujazo wake wote mara moja na nusu au zaidi katika kila sekunde, muda wote ambao mashine inafanya kazi nzito. Kasha kubwa nalo hupitisha lita zilezile, ila lina njia pana na nafasi ya feni kubwa zinazozunguka polepole. Kasha dogo halina nafasi hiyo, na feni yake ya milimita 92 inalazimika kufidia udogo wake kwa kasi.

Kasi hiyo ina gharama ambayo wengi hawaijui. Kwa kanuni za feni zinazotumiwa na wahandisi, feni ikizungushwa kwa kasi mara mbili, hewa inayosukumwa huongezeka mara mbili tu, ilhali umeme inaoutumia feni yenyewe huongezeka mara nane na kelele hupanda kwa takribani desibeli 15. Ndiyo maana mtu anayejaribu kutatua joto kwa kuongeza kasi ya feni hufika haraka mahali ambapo hawezi kukaa chumba kimoja na mashine yake, na bado prosesa haijapoa kama alivyotarajia.

Tugeukie sasa upande wa pili wa hesabu, ambao ndio ninaoutetea. Umeme unaotumiwa na sakiti za prosesa zinapofanya kazi huenda sambamba na masafa yake (idadi ya midundo yake kwa sekunde, inayopimwa kwa gigahezi), na pia na volti ikizidishwa kwa volti. Volti ikishuka kwa asilimia 10 pekee, masafa yakibaki palepale, matumizi hayo hushuka kwa asilimia 19. Volti na masafa vikishuka vyote viwili kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa asilimia 27. Kwa kuwa masafa ya juu kabisa hayafikiwi bila kupandisha volti, gigahezi za mwisho mwisho ndizo zinazokula umeme mwingi kuliko zote na kurudisha faida ndogo kuliko zote. Watengenezaji wanazisaka kwa sababu jedwali la ulinganisho humpa sifa anayeongoza hata kwa asilimia mbili, lakini anayeunda mashine ya lita 10 hana sababu ya kulipa kodi hiyo.

Mfano mzuri ni prosesa mbili za kampuni ya AMD, Ryzen 7 7700X ya mwaka 2022 na Ryzen 7 7700 ya mwaka 2023. Zote zina viini vinane, yaani sehemu nane za kufanyia hesabu, vya muundo mmoja. Ya kwanza imepangiwa wati 105 na huruhusiwa kufikia wati 142 kwenye soketi. Ya pili imepangiwa wati 65 na huruhusiwa kufikia 88. Kasi ya juu kabisa inayotangazwa ni gigahezi 5.4 kwa ya kwanza na 5.3 kwa ya pili. Wati 54 zinazozitenganisha haziwezi kuhesabiwa kuwa kitu kidogo pale ambapo kipoza chote kina urefu wa milimita 37, nayo tofauti ya utendaji kati yao ni ndogo mno ikilinganishwa na tofauti hiyo ya umeme. Tena aliyekwisha kununua 7700X hajapotea njia: AMD imeweka mpangilio inaouita Eco, unaoishusha prosesa hadi wati 88 kwa kuchagua mstari mmoja katika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama unaofunguliwa mashine inapowashwa. Nimewaona wateja waliokuwa tayari kubadilisha kasha zima wakaridhika baada ya badiliko hilo pekee.

Hapa inafaa kueleza nyuzi 95, kwa sababu ndizo zinazowatia watu wasiwasi kuliko kitu kingine. AMD yenyewe ilieleza ilipotoa prosesa hizo kwamba zile za daraja la juu zimeundwa kupanda hadi nyuzi 95 zinapobanwa na kazi nzito na kubaki hapo, zikitumia kila nafasi ya kupozwa inayopatikana ili kuongeza kasi. Viini vyote vinane vimo katika kipande cha silikoni chenye milimita za mraba takribani 70 tu, na joto linalotoka kwenye eneo dogo namna hiyo lazima kwanza lipite kwenye silikoni na kwenye kifuniko cha chuma kabla halijakutana na kipoza. Msongamano huo haupungui kwa kuweka kipoza kikubwa. Aliyeweka radieta kubwa na aliyeweka kipoza cha wastani wanaweza kuona nyuzi zilezile kwenye skrini, mmoja akiwa amepata masafa kidogo zaidi ya mwenzake. Wati zikishushwa, nyuzi nazo hushuka mara moja.

Vilevile namba iliyoandikwa kwenye boksi isichukuliwe kuwa kikomo. Prosesa ya kampuni ya Intel, Core i9-13900K, hutajwa kuwa ya wati 125, lakini kikomo chake cha juu kilichochapishwa na Intel yenyewe ni wati 253, na kwa miaka kadhaa bodi nyingi (yaani ubao mama) zilikuja kutoka kiwandani zikiwa zimelegeza vikomo hivyo bila mnunuzi kuambiwa. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba kuyumba kwa prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 kulitokana na sakiti inayochakaa mapema inapopata volti na joto vilivyopita kiasi. Ikatoa marekebisho ya maikrokodi (programu ndogo inayoongoza prosesa kutoka ndani) na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Hizo zilikuwa mashine za kila ukubwa, si ndogo pekee, lakini mwenye kasha dogo ana sababu maradufu ya kuingia BIOS siku ya kwanza na kuandika kikomo chake mwenyewe badala ya kuacha bodi iamue.

Sisemi kwamba mpangilio wa hewa hauna maana. Una maana kubwa, na makosa yake huonekana kwa macho. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni nafasi kati ya feni ya kipoza kifupi na ubavu wa kasha wenye matundu. Nafasi hiyo ikiwa sentimita moja au mbili, feni haivuti hewa ya nje peke yake, bali huvuta pia hewa ya moto iliyotoka kwenye mapezi (bamba nyembamba za chuma) ya kipoza muda mfupi uliopita, ikajipinda na kurudi juu. Kuongeza kasi ya feni katika hali hiyo ni kuteka maji kwa pakacha, kwa kuwa hewa inayozungushwa ni ileile iliyokwisha kupata moto. Dawa yake ni ukanda wa sponji uliokatwa kwa kipimo cha nafasi hiyo na kubandikwa kuizunguka feni, ili njia pekee ya hewa kuingia iwe kupitia matundu ya ubavuni. Ukishika kipande cha karatasi laini mbele ya matundu hayo utaona wazi kabla na baada: mwanzo kinayumba huku na huku, kisha kinanata kwenye ubavu.

Lipo pia jaribio ambalo ningependa kila muundaji alifanye kabla ya kutoa pesa. Iache mashine ifanye kazi nzito kwa nusu saa kasha likiwa limefungwa, andika joto la prosesa na wati inazotumia, kisha fungua ubavu bila kubadilisha kitu kingine na usubiri joto litulie tena. Likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, kasha linabanwa pumzi, na kipoza kipya hakitasaidia sana. Lisiposhuka kwa kiasi cha kuonekana, tatizo liko kwenye kipoza, kwenye pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, au kwenye wati zenyewe. Kuhusu pesti sina mengi ya kusema: kazi yake ni kuondoa hewa kati ya vyuma viwili, na tofauti kati ya pesti nzuri na nzuri zaidi ni ndogo kuliko tofauti ya kipoza kilichokazwa sawasawa na kile kilichoinama upande mmoja. Ngozi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipoza kipya iondolewe kwanza, bado naikuta.

Wanaochagua maji wajue kwamba maji hayafuti joto, hulihamisha tu hadi kwenye radieta, ambayo nayo inahitaji hewa ileile ya kasha lilelile. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, kwani hewa kidogo iliyomo ndani hukusanyika juu na kuikwamisha.

Hata kampuni kubwa zimebanwa na jambo hili. Apple ilitoa mwaka 2013 kompyuta ya Mac Pro yenye umbo la silinda, ambayo prosesa na kadi mbili za michoro zililiegemea pezi moja la pembetatu lililopozwa na feni moja. Ulikuwa uhandisi wa hali ya juu, lakini ulipangwa kwa mgawanyo maalumu wa joto, na mahitaji yalipohamia kwenye kadi moja yenye wati nyingi, silinda ile haikuwa na pa kuziweka. Mwaka 2017 viongozi wa kampuni hiyo waliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba muundo huo ulikuwa umewafungia njia upande wa joto, na Mac Pro ya mwaka 2019 ikarudi kwenye kasha kubwa. Nautaja mfano huu kwa sababu bajeti ya wati hupangwa kabla ya kuchagua kasha. Ikipangwa baadaye, kasha ndilo linalompangia mtu.

Sasa niseme ombi langu kwako, Ndugu Mhariri. Joto la prosesa husafiri pamoja na joto la chumba: kipoza kinachoiacha prosesa kwenye nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 20 kitaiacha kwenye nyuzi 82 hivi katika chumba cha nyuzi 32, wati zikiwa zilezile. Tathmini nyingi zinazonukuliwa magazetini hufanywa katika vyumba vyenye kiyoyozi, kwa dakika chache, mara nyingine mashine ikiwa mezani bila kasha, kisha namba moja ikachapishwa kana kwamba ni sifa ya kudumu ya kifaa. Ningeomba kurasa zenu za teknolojia, kila zinapopendekeza kompyuta ndogo au vipuri vyake, zitaje mambo matatu: joto la chumba wakati wa kipimo, wati ambazo prosesa ilikuwa ikitumia baada ya nusu saa ya kazi nzito, na kama kasha lilikuwa limefungwa. Mistari miwili ya gazeti inatosha kuyaandika yote matatu, na msomaji aliye nayo ataweza kupiga hesabu ya kasha lake mwenyewe kabla ya kwenda dukani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta na msomaji wa siku nyingi