Barua ya wazi kwa Meya: Tamasha la siku tatu, ushairi wa saa moja

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji,

Salaam.

YAH: MUDA WA WASHAIRI WAALIKWA KATIKA TAMASHA LA USHAIRI LA JIJI

Mheshimiwa, rasimu ya ratiba ya tamasha nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitazama majina tu, na nilifurahi kama mtoto. Kamati imechagua vizuri. Yumo mama mtunzi wa tenzi, yale mashairi marefu ya kusimulia na kuusia, ambaye hajawahi kuchapisha hata ukurasa mmoja, na ambaye watu wa rika langu tumekua tukimsikia kwenye sherehe na misiba. Wamo wazee wawili wa malumbano, waliokwishajibizana kwa beti kwa miaka mingi bila mmoja kukubali kushindwa. Wamo vijana wa jukwaani, wanaotunga bila kina wala mizani na ambao nimejifunza kuwaheshimu, ingawa ilinichukua muda. Yumo na mgeni anayetoka mbali, anayeandika kwa lugha ambayo hapa jijini hakuna anayeijua. Jumla yao ni washairi kumi na wawili.

Mara ya pili nilitazama saa.

Kila mshairi mwalikwa amepangiwa dakika tano. Kumi na wawili mara tano ni dakika sitini. Tamasha letu ni la siku tatu, Mheshimiwa, na ndani yake mna saa moja ya ushairi. Muda uliobaki umegawanywa kati ya hotuba za ufunguzi, utambulisho wa wageni wa meza kuu, salamu za wadhamini, bendi, maonyesho ya mavazi, na hotuba za kufunga. Mara ya tatu niliisoma nikidhani nimekosea hesabu. Sikukosea.

Nakuandikia wewe kwa sababu ratiba bado ni rasimu, na sahihi ya mwisho ni yako.

Nimekuwa mghani kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo nitakueleza jambo hili kwa kipimo tunachokitumia sisi. Chukua ubeti huu, ambao nimekutungia:

Meya wangu naandika, kalamu i mkononi,
Watunzi wameitika, majina yako langoni,
Muda umeshakatika, haumo karatasini,
Waacheni wakifika, waseme ya mioyoni.

Mishororo minne, kila mmoja mizani 16, yaani silabi 16, jumla mizani 64. Nikiughani taratibu, kwa sauti inayomfikia aliyekaa nyuma, unanichukua nusu dakika hivi. Dakika tano basi ni beti kumi, kama mshairi atapanda jukwaani akiwa tayari anaghani, asisalimie, asimeze mate, asirudie mshororo wa mwisho, na asingoje makofi yaishe. Shairi fupi linaenea hapo. Tena yapo mashairi mafupi zaidi: haiku ya Wajapani ina silabi 17 tu, na mtu anaweza kukaa nayo siku nzima. Sidai kwamba kila shairi liwe refu ndipo liwe shairi.

Utendi lakini, yaani utenzi, hauenei. Utendi wa Mwana Kupona, aliousia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, una beti 102 katika matoleo tuliyoyazoea. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, yaani mizani 32. Zidisha mwenyewe: mizani 3,264. Dakika tano ni sekunde 300. Kama Mwana Kupona angefufuka na kualikwa kwenye tamasha letu, angelazimika kutamka karibu mizani kumi na moja kila sekunde ili amalize wosia wake kabla mshereheshaji hajamshika bega. Hakuna ulimi unaoweza hivyo. Na mama yetu wa tenzi anatunga kwa bahari hiyohiyo, yaani umbo hilohilo la shairi, kwa urefu huohuo. Tumemwalika afanye kitu ambacho ratiba yetu imekwisha kumzuia kukifanya.

Mheshimiwa, jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye tamasha la mji mwingine. Niliandaa utendi kuhusu baba yangu, miezi minne ya kazi, na nikaufupisha mpaka ukabaki na beti arobaini. Hotuba zikarefuka. Kila aliyesimama alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuitaja upya, jina kwa jina. Zamu yangu ilipofika niliambiwa nifanye haraka. Nilikuwa nimefika pale baba anapoitwa na haitiki, muziki ukafunguliwa nyuma yangu. Watu walipiga makofi wakidhani nimemaliza. Nilishuka na beti kumi na tatu mdomoni, na mpaka leo sijawahi kuzighani mbele za watu. Mzee mmoja alinifuata nje akaniuliza, "Kisha ikawaje?" Nilimmalizia palepale, tumesimama, yeye peke yake akiwa hadhira yangu. Sikutamani kumwandikia mtu yeyote barua wakati ule. Sasa natamani, kwa sababu aliye kwenye ratiba safari hii ni mama mwenye umri wa mama yangu.

Naomba nizungumzie malumbano kidogo, maana hapo ratiba imekosea zaidi. Wazee wetu wawili wamewekwa siku tofauti, mmoja siku ya kwanza na mwingine siku ya tatu, kila mmoja na dakika zake tano. Malumbano ni kujibizana. Mmoja anatupa swali lililofungwa ndani ya ubeti, mwenzake analifungua, analigeuza na kulirudisha na kina kilekile, na sisi wasikilizaji ndio waamuzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wenzake wakati miji ilikuwa vitani, na beti zikawa zinapelekwa kama mikuki. Alifariki karibu na mwaka 1840. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940. Katika miaka hiyo mia, kilichomweka hai ni vichwa vya watu waliopata nafasi ya kusikiliza na kukariri, mpaka kina Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, wakayakusanya mashairi hayo na kuyaandika. Tukiwatenga wazee hawa kwa siku mbili nzima tunawanyima watu wa jiji hili kitu cha kukariri. Wawekeni pamoja, jioni moja, viti viwili, kipaza sauti kwa kila mmoja, na msiwawekee saa.

Naye mgeni wetu? Atasafiri siku mbili kuja. Atasoma kwa lugha yake, kisha mkalimani atasoma tafsiri. Dakika tano zikigawanywa mara mbili zinabaki mbili na nusu. Huko Rotterdam, tamasha la kimataifa la ushairi limekuwapo tangu mwaka 1970, na hapo wameamua kwamba mshairi asome kwa lugha yake mwenyewe huku tafsiri ikionekana kwenye skrini. Msikilizaji anapata sauti na maana kwa pamoja. Skrini tunayo, Mheshimiwa. Katika rasimu imeandikwa kwamba itaonyesha nembo za wadhamini muda wote. Nembo zipumzike wakati shairi linasomwa, na mtafsiri apewe maandishi mapema, wiki mbili kabla, asije akatafsiri kwa kukisia akiwa jukwaani. Nimewahi kuona neno la "kiu" likitafsiriwa "maji". Mshairi hakujua, sisi hatukujua, na shairi lilikufa hapo bila mtu kulilia.

Najua utakachoambiwa na watu wa maandalizi: watu hawana subira, watachoka, wataondoka. Hoja hiyo ina jibu. Mwaka 1991 mji wa Medellín, Kolombia, ulikuwa mahali pa kutisha. Katika mwaka huo mmoja waliuawa humo zaidi ya watu 6,000. Watu walikuwa wakijifungia ndani jua likizama. Ndipo kundi la washairi wa jarida liitwalo Prometeo likaanzisha tamasha la ushairi. Watu wakatoka. Wakaja kukaa kwenye ngazi za ukumbi wa wazi juu ya kilima cha Nutibara, maelfu yao, wakisikiliza washairi wa lugha wasizozijua, shairi kwa lugha yake kisha kwa Kihispania, saa baada ya saa. Tamasha hilo likapelekwa mitaani, bustanini na hata magerezani, na mwaka 2006 likapewa tuzo ya Right Livelihood. Kama watu waliokuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani waliweza kukaa na kusikiliza, sisi wa jiji lenye amani tutashindwaje kukaa nusu saa na mama wa tenzi?

Na ukumbi si lazima uwe wa fahari. Kule Struga, Makedonia Kaskazini, washairi husimama juu ya daraja la mto Drim na watu wakasikiliza kutoka kwenye kingo zake. Kinachohitajika ni utulivu na kipaza sauti kisichokwaruza.

Ombi langu ni hili, nalo nimelipigia hesabu. Mpe kila mshairi mwalikwa nusu saa. Kumi na wawili mara dakika thelathini ni saa sita. Kwa siku tatu, ni saa mbili kila siku. Hotuba zote zikusanywe asubuhi ya kwanza, zimalizwe, na zisirudi tena mpaka siku ya kufunga. Bendi zipige baada ya mashairi, zisiwekwe katikati kama kizibo. Muziki naupenda, lakini msikilizaji aliyetoka kwenye shairi la msiba anahitaji dakika moja ya kimya, na ngoma inayofuata papo hapo inamnyang'anya. Wazee wa malumbano nimekwisha kusema: wawe pamoja. Vijana wa jukwaani wasirundikwe wote usiku wa manane kana kwamba ni wa kujazia. Mmoja wao naomba afuate mara tu baada ya mama wa tenzi. Nataka kuwaona wakisikilizana. Nina hakika kila mmoja atashangazwa na mwenzake.

Malipo nayataja kwa ufupi kwa kuwa sikusudii yafunike jambo langu. Mwenye bendi amewekewa mkataba na malipo ya awali. Mshairi amewekewa cheti cha shukrani. Mlipeni, na mlipeni kabla hajaondoka.

Mheshimiwa, hukukalia kiti kilicho kigeni kwa washairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, kitabu ambacho wengi wetu tulifundishiwa kuhesabu mizani, ndiye aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alikuwa na majalada mezani kama uliyonayo wewe, na wageni, na vikao visivyokwisha. Alijua pia kwamba mshororo ukipungua mizani moja, sikio linajikwaa. Huhitaji kuwa mtunzi ili usikie tunapojikwaa. Inatosha uje mapema siku ya kwanza, ukae, na usikilize mshairi mmoja toka mwanzo hadi mwisho kabla simu haijakuita.

Mimi sikuomba kualikwa na siombi sasa. Jina langu halimo kwenye orodha, na orodha iliyopo ni bora kuliko ambayo ningeitengeneza mwenyewe. Ninachoweza kutoa ni kazi: nitakuja kukaa na kamati siku yoyote mtakayonipa, tupitie ratiba kipengele kwa kipengele, na nitamsikiliza kila mshairi kabla ya tamasha nipime muda wake halisi, ili mshereheshaji asiwe na sababu ya kumkatiza mtu. Nimesikia ratiba inakwenda kupigwa chapa mwishoni mwa mwezi. Naomba jibu kabla ya hapo.

Jana nilikwenda kumsalimia mama wa tenzi. Nilimkuta anafanya mazoezi, macho kayafumba, anapigapiga goti kuhesabu vipande. Hajaambiwa kwamba ni dakika tano. Aliniuliza kama utendi wa beti themanini utakuwa mfupi mno kwa tamasha kubwa namna hii, au aongeze. Nilimwambia asubiri kidogo, nina barua ninaiandika.

Wasalaam,

Mghani wa jiji lako