Kwa mpwa wangu: roboti ikiganda ulingoni, usianze kulaumu redio

Mpwa wangu,

Umeniandikia kwamba roboti yenu inatii rimoti vizuri ikiwa mezani, lakini ikishushwa sakafuni na kuanza kusukuma inaganda hadi mbonyeze riseti. Tena mmeshanunua moduli ya redio ya tatu, nRF24L01+. Msinunue ya nne. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu timu nyingi za shule zinaugua ugonjwa huu huu, na dawa yake kwa kawaida iko kwenye umeme.

Hiyo riseti yenyewe ni ushahidi. Kama Arduino, bodi inayoendesha programu ya roboti, ndiyo ingezimika, ingejiwasha yenyewe na roboti ingeendelea baada ya sekunde moja au mbili. Ikikaa kimya mpaka riseti, yaelekea Arduino iko macho ila redio imepoteza mipangilio yake: chaneli, anwani, kila kitu. Programu yenu huipa mipangilio hiyo mara moja tu, ndani ya setup, sehemu inayoendeshwa wakati wa kuwaka, kwa hiyo hakuna wa kuirudishia.

Kwa nini ipoteze? Fuata umeme kuanzia betri. Mna selo mbili za 18650, volti 7.4. Zinaingia L298N, bodi inayoendesha mota, na kirekebishaji cha volti 5 kilicho juu ya L298N ndicho kinacholisha Arduino. Kirekebishaji hicho kinataka kuingiziwa kama volti 7 ili kitoe 5 kamili. Mota mbili zikianza kwa pamoja, au zikigeuzwa ghafla kutoka mbele kwenda nyuma, hunywa umeme mwingi na betri inainama hadi 6 na kitu. Ile 5 inashuka, volti 3.3 inayolisha redio inaifuata, na redio, ambayo ndiyo dhaifu kuliko wote, inaanguka. Mezani magurudumu yanazunguka hewani, mota hazina mzigo, kwa hiyo hamkuona kitu.

Multimita haitakuonyesha hili vizuri. Mshuko wenyewe ni wa muda mfupi mno, kioo hakiuwahi. Fanya hivi badala yake: chomoa waya wa volti 5 unaotoka L298N kwenda Arduino, uilishe Arduino kwa pawabenki kupitia USB, kisha unganisha GND (hasi) zote pamoja. Usisahau GND, la sivyo mota hazitaelewa amri. Iacheni roboti isukume ukuta kwa nguvu zote. Ikiacha kuganda, mmempata mwizi. (Pawabenki nyingine hujizima zikiona kifaa kinanyonya umeme kidogo, kwa hiyo angalieni taa yake kabla hamjaanza kubishana.)

Tiba ya kudumu ni kuipa Arduino kirekebishaji chake cha pekee, moduli ya kushusha volti kutoka betri hadi 5, isiyopitia L298N. Kisha redio nayo. Moduli ndogo yenye antena iliyochorwa kwenye bodi hunywa miliampia 11 hadi 14 tu, lakini ile yenye antena ndefu na kipaza nguvu hufika kama 115 ikirusha, na pini ya 3.3V ya Arduino Uno imekusudiwa miliampia 50. Kwa hiyo ile ndefu ipewe bodi ndogo ya adapta yenye AMS1117, inayopokea volti 5 na kutoa 3.3. Aina yoyote ile, weka kapasita ya mikrofaradi 10 hadi 100 kati ya VCC (mguu wa kuingizia umeme) na GND, iliyolehemiwa pale pale kwenye miguu ya moduli. Ukiiweka kwenye bredibodi sentimita kumi kutoka hapo umeiweka kwa mapambo. Mstari mweupe wa kapasita uelekee GND. Na kumbuka pini za data zinavumilia volti 5; VCC haivumilii.

Mota zenyewe zifungwe mdomo, zisiipigie redio kelele za umeme: kapasita ya kauri iliyoandikwa 104 kati ya miguu miwili ya kila mota, na waya zake zisokotwe pamoja. Antena iwe juu, mbali na mota na fremu ya alumini.

Sasa nyaya. Kwenye Uno redio inamiliki pini 11, 12 na 13. Nimeona kwenye mchoro wako ENB ya L298N (pini ya kupanga kasi ya mota) ipo 11. Hapo mota na redio zinagombania waya mmoja. Ihamishie 5 au 6. Halafu endesha printDetails ya RF24, maktaba ya programu ya redio hii; huchapisha mipangilio ya redio. Thamani zote zikitoka 0x00 au 0xff, Arduino haiongei na redio kabisa: kagua nyaya, hasa za pini CE na CSN za redio zilizopishana. Nyaya za jampa za bei rahisi hukatika ndani huku nje zikionekana nzima, kwa hiyo zitikise moja moja wakati programu inaendelea.

Kuna jambo moja ambalo mezani kwenu halitaonekana kamwe. Timu nyingi hunakili mfano ule ule wa mtandaoni, wenye anwani "00001" na chaneli ambayo maktaba huanza nayo, 76. Siku ya mashindano timu sita zinawasha rimoti, na roboti yako inapokea amri za joistiki ya watu wengine. Mtadhani imepagawa. Badilisheni vyote viwili, anwani na chaneli. Anwani iwe na baiti tano zilizochanganyika, isiwe sifuri tupu wala 0xAA mfululizo.

Kuchagua chaneli, hesabu ni nyepesi: chaneli N ni megahezi 2400 + N. Chaneli za Wi-Fi 1, 6 na 11 zina kitovu kwenye 2412, 2437 na 2462, kila moja ikitanuka kama megahezi 11 kila upande. Upenyo wa redio yenu unabaki karibu na chaneli 24 na 25, 49 na 50, na kuanzia 75 hadi 82 kama hakuna anayetumia Wi-Fi 13. Video nyingi husema weka 108. Mimi sikubali: hiyo ni 2508, wakati sehemu ambayo vifaa vidogo hutumia bila leseni kwa kawaida huishia 2483.5. Endesheni mfano wa scanner uliomo kwenye maktaba, unaoonyesha chaneli zenye kelele, ukumbini, watu wakiwa wameshaketi na simu zao.

Kwenye programu, tumieni RF24_250KBPS (kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde) pande zote mbili. Inafika mbali zaidi kuliko 2MBPS. Kama rimoti ni ESP32 (bodi ya aina nyingine) na roboti ni Uno, msitume struct (fungu la data) yenye int (namba nzima), kwa sababu kwa ESP32 int ni baiti 4 na kwa Uno ni 2. Andikeni int16_t. Tumeni kila milisekunde 20, inatosha. Upande wa kupokea ondoeni kila delay (amri ya kusubiri): redio inahifadhi pakiti tatu tu, na roboti iliyolala nusu sekunde inaamka kutekeleza amri za zamani. Someni zote kwa while, mtumie ya mwisho. Na milisekunde 300 zikipita bila pakiti, mota zizimwe, kisha begin na mipangilio yote iitwe upya.

Baada ya hapo hesabuni. Tumeni pakiti 1000, mhesabu ngapi radio.write imerudisha kweli: kwanza mota zikiwa zimechomolewa, halafu magurudumu hewani, halafu roboti ikisukuma ukuta. Rimoti iwe mita mbili au zaidi kutoka kwenye roboti, maana moduli ndefu zikikaribiana mno kwa nguvu kubwa huzibana masikio. Niandikie namba zote tatu, pamoja na picha ya miguu ya redio baada ya kulehemu.

Mjomba wako