Barua kwa Mpiga Besi

Magomeni, Jumapili usiku

Kaka Chande,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti nalo nimeshalizoea kama mpangaji asiyelipa kodi. Natumaini Tanga ni shwari, shemeji hajambo, na wajukuu wanakuacha ulale mchana. Najua ni miaka miwili sijakuandikia. Kwenye simu unajua mwenyewe, kila tukifika kwenye jambo lenyewe mtandao wako hukatika. Ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu.

Mwezi uliopita kijana wangu alikuja na flashi, akaichomeka kwenye redio, akasema, "Mzee, hawa si ndio wale mliokuwa mnawakopi?" Nikasikia gitaa, kisha besi ikaingia bila hodi, inatembea inakotaka yenyewe, nikajua hapohapo. Cream, ile bendi ya watu watatu wa Uingereza! Lakini si ile santuri yetu iliyokwaruzika mpaka tukadhani mikwaruzo ni sehemu ya wimbo. Hii ni ya Mei 2005, laivu, Royal Albert Hall ya London, usiku nne, tarehe 2, 3, 5 na 6. Nyimbo 19. Na ukumbi ni uleule walimoagia walipovunja bendi Novemba 1968. Katikati hapo ni miaka 36, ukiacha ile siku moja ya 1993 walipopiga nyimbo chache kwenye sherehe ya kutunukiwa huko Marekani.

Wiki ya tatu hii naisikiliza. Mama watoto ameanza kuuliza kama nimerogwa.

Sasa nisikilize, na usiruke mistari kama ulivyozoea. Unakumbuka hadithi ya Jack Bruce na Ginger Baker, tuliyokuwa tukisimuliana nyuma ya ukumbi tukisubiri malipo? Bruce besi, Baker dramu. Kabla ya Cream walikuwa pamoja kwenye bendi ya Graham Bond, Baker akamfukuza Bruce, Bruce akaendelea kuja kazini kama mtu asiyesikia, mpaka Baker akamtolea kisu. Halafu mwaka 1966 Baker huyohuyo anamfuata mpiga gitaa Eric Clapton waunde bendi, na Clapton anasema sawa, lakini besi apige Jack. Nilipolikumbuka hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Maana nani alimwendea Kidevu wetu wa dramu mwaka ule akamwambia bila Chande mimi sipigi? Na nani amekuwa akibeba maneno yenu tangu siku hiyo, kutoka Magomeni kwenda Tanga na kurudi, bila hata nauli?

Nyimbo zenyewe unazijua. Kilichonishika ni sauti. Zamani wale watu walikuwa wanauana kwa sauti, Bruce na maspika yaliyopangwa kama kabati, Clapton na ya kwake, Baker katikati anatwanga ngoma hata yeye mwenyewe hazisikii. Clapton alisimulia kwamba usiku mmoja aliacha kupiga katikati ya wimbo na wenzake hawakugundua. Mimi nalijua hilo bila kusimuliwa. Ile harusi ya Kariakoo uzi wangu ulikatika, nikasimama na gitaa mkononi chemko nzima, ile sehemu ya haraka, nikakutazama wewe, nikamtazama Kidevu. Hakuna aliyegeuka. Mlikuwa mnapigana kwa vyombo, na watu wanacheza wakidhani ni ufundi.

Basi kwenye hii ya 2005 sauti imeshuka. Masikio yangu ndiyo yanayoniambia hivyo, na bado hayajafa kama goti. Kila mtu amempisha mwenzake. Kuna wimbo mmoja wa taratibu, Baker anapiga ngoma kwa vijiti vya vichwa laini, zinavuma kama mawimbi ya usiku pale Raskazone, na Bruce anaimba juu kabisa, sauti inatetemeka kidogo. Huyo ni mtu aliyebadilishiwa ini mwaka 2003 kwa sababu ya saratani, mwili ukalikataa, akakaribia kufa. Baker naye alikuwa na miaka 65 na viungo vinamuuma, ametoka Afrika Kusini alikokuwa anaishi na farasi wake. Clapton, mdogo wao, ana 60. Ndiye aliyewaita. Kila ninaposikiliza wimbo ule natamani mngekuwa nyote wawili hapa sebuleni, mmoja kwenye kochi, mwingine kwenye mkeka, nikawafungia mlango.

(Kidevu bado anaringa kwamba Baker alijifunza kwetu. Kidogo ana haki. Yule mzungu alianza kwa kusikiliza santuri za ngoma za Afrika, akavuka Sahara kwa gari, akafungua studio Lagos, akapiga na Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria. Lakini Kidevu akisema "kwetu" anamaanisha kwao Bagamoyo, na hapo mimi humwachia.)

Sifichi kasoro za rekodi hii. Zile nyimbo za haraka zimepoa, moto wa ujana haumo, na kuna mahali Clapton anapiga kwa adabu mno, kama mtu aliyekaribishwa chakula kwa mkwe. Ukitaka moto, rudi kwenye santuri. Lakini santuri haina kule kusikilizana. Ndicho ninachokirudia, kaka, na nitakirudia mpaka uchoke.

Haya, nimeshafika. Binti wa marehemu Sefu, mwenzetu wa bendi, anaolewa Desemba. Alikuja hapa na mama yake, akakaa pale pale babake alipokuwa akikaa, akasema hataki DJ peke yake. Anataka wenzake baba wapige, nusu saa tu. Nikamwambia, mwanangu, wenzake baba yako hawajasemeshana tangu 1991 kwa ajili ya amplifaya. Akauliza, "Amplifaya ya nani?" Kaka, nilishindwa kumjibu. Kidevu anasema ilikuwa ya bendi. Wewe unasema uliinunua kwa jasho lako. Aliyeiuza, na aliyekula hela, na kwa nini mimi nilinyamaza siku ile... tuliache. Mimi pia nilikuwa na deni la kodi, nawe unalijua.

Sikuombi mpatane. Hata wale wa London sidhani kama walipatana. Oktoba ileile ya 2005 walikwenda New York, Madison Square Garden, usiku tatu zaidi, na huko ugomvi wa zamani ukaamka kama haukuwahi kulala. Ndiyo maana nataka nusu saa, si dakika zaidi. Tukishuka jukwaani wewe unapanda basi lako la Tanga na Kidevu anarudi zake Mbagala, na mkitaka kununiana miaka mingine 30 mna ruhusa yangu.

Ila miaka 30 hiyo hatuna, na wewe unajua. Bruce alifariki Oktoba 2014, Baker akamfuata Oktoba 2019. Amebaki mpiga gitaa. Usiku mmoja nililiwaza hilo, nikazima redio, nikaenda kukaa nje na mbu.

Nilimgusia Kidevu juzi. Alikaa kimya, akamimina chai, akanyamaza tena, halafu akauliza kama bado unapiga kwa vidole au umeanza kutumia kipande cha plastiki kama vijana. Kwake hiyo ni salamu. Ametoa sharti moja, besi isizidi dramu. Nami nimempa la kwangu, kwamba vifungo vyote vya sauti nitavishika mimi, na atakayevigusa nitamchapa kwa mkongojo mbele ya bibi harusi.

Sasa nijibu. Ile besi bado unayo, au ni kweli uliiacha kwa yule fundi wa Ngamiani? Nyuzi zake bado zinapatikana huko, au nikununulie hapa Kariakoo? Mkono wa kushoto unakunjuka vizuri, au ile ganzi imerudi? Zile nyimbo za Sefu unazikumbuka kwa funguo ileile, au tuzishushe, maana mimi juu kule sifiki tena? Utalala kwangu, au kwa dada yako Temeke? Na mdundo wa Sefu wa kufungia, ule aliotufundisha kwa mdomo tu, ulianza na wewe au ulianza na dramu? Kidevu anasema ulianza naye. Mimi nasema sikumbuki.

Familia ya bibi harusi wanalipia ukumbi Ijumaa ya wiki ijayo. Nauli ya kuja nitakutumia mimi. Ya kurudi mwambie Kidevu.

Ni mimi,
Mussa wa solo