Barua kwa mwanangu anayerudi Tainan

Mwanangu,

Hatujambo sote, na bibi yako anakuombea kila siku. Tangu redio itaje tena tetemeko la ardhi huko Taiwan sijapata usingizi wa maana. Najua utasema matetemeko kule ni ya kawaida. Ni kweli, lakini wanafunzi wengine watakuwa darasani, na wewe utakuwa umesimama chini ya mapaa ya miaka mia tatu ukiwa na futi mkononi, ukipima majengo ya kale. Tainan ya utoto wako unayo kichwani, sina haja ya kukusimulia. Nataka tuzungumzie mahali utakaposimama.

Hekalu la mbao la kule haliporomoki upesi. Nguzo zimekalishwa juu ya mawe, na mbao zimeshikana kwa ulimi ulioingia kwenye tundu, kwa hiyo ardhi ikitikisika mbao zote huyumba pamoja, hulia, kisha hutulia. Hatari iko juu na ubavuni. Yale majoka na watu wadogo wa rangi kwenye mgongo wa paa yamepambwa kwa vipande vya bakuli vilivyokatwa na kubandikwa juu ya chokaa, na ndani mna waya. Hewa ya bahari hula waya ule. Ukipata kutu huvimba, chokaa hupasuka kutoka ndani, na pambo hubaki limekaa kwa uzito wake tu. Mtu wa chini haoni kitu. Ubavuni kuna ukuta wa matofali, mzito, usioshikamana vizuri na mbao, na ukianguka huangukia nje. Basi ukipima ubavu, acha nafasi kati yako na ukuta inayozidi urefu wa ukuta wenyewe. Tetemeko likikukuta ndani usikimbilie mlangoni, maana vigae hushukia pale pale ukingoni mwa paa. Inama, kinga kichwa kwa mikono au begi, ngoja litulie, ndipo utoke ukiangalia juu.

Najua utaanzia kwenye hekalu la Confucius, na unafanya vizuri. Lilijengwa mwaka 1665 kwa juhudi za ofisa Chen Yonghua, na hapo ndipo shule ya kwanza ya serikali kisiwani ilipoanza. Juu ya lango la mashariki wameandika kwamba hapa ndipo mahali pa kwanza pa elimu katika Taiwan yote. Angalia mpango wake kabla ya kuchora chochote: shule upande wa mashariki, hekalu upande wa magharibi. Karibu na lango kuna jiwe la mwaka 1687 lenye maandishi ya Kichina na Kimanchu, linalowaamuru maofisa, askari na raia washuke kwenye farasi. Ndani ya ukumbi mkuu usitafute sanamu, utakuta kibao cha jina la Confucius. Juu ya paa tazama mnara mdogo wa ngazi tisa na yale mabomba mawili yaliyosimama. Husemwa ni ukumbusho wa wasomi walioficha vitabu wakati wa mfalme aliyeamuru vichomwe. Kwenye kona kuna jengo la ghorofa tatu: ya chini ina pembe nne, ya kati ni duara, ya juu ina pembe nane. Ukiweza kunichorea jinsi boriti zinavyotoka kwenye pembe nne zikabeba duara, nitajua ada haikupotea.

Kwenye nguzo, anza na mguu wake. Gonga kwa mpini wa mbao kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo. Sauti ikibadilika ikawa ya utupu, hapo mchwa wamekula ndani na rangi imebaki ganda. Mguu uliooza ndio unaoifanya nguzo ishindwe siku ya tetemeko, na ndiyo maana nakuambia tena: gonga kwanza, ndipo usimame karibu.

Ngome ya Anping, ambayo Waholanzi waliiita Zeelandia, waliianza mwaka 1624. Ule mnara mweupe wanaoupiga picha wageni haukujengwa na Waholanzi. Nenda kwenye ukuta mkongwe wa matofali uliokumbatiwa na mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu. Udongo wake wa kujengea, wanasema, ni chokaa ya makombe ya chaza, mchanga, maji ya sukari na uji wa mchele unaonata. Si hadithi tupu: wanga wa mchele huzifanya chembe za chokaa zikae ndogo na kushikana. Usikubali mtu azibe nyufa zake kwa saruji. Saruji haipumui, maji ya chumvi hubaki ndani, na uso wa tofali hubanduka. Ukichanganya chokaa mwenyewe, ichuje na uiache ndani ya maji muda mrefu, la sivyo punje ambazo hazijaiva zitalipuka kwenye lipu baadaye.

Chihkan, mahali pengine pa kale hapo Tainan, ni somo la tetemeko. Waholanzi walijenga ngome pale mwaka 1653. Tetemeko la mwaka 1862 likaiangusha, na vibanda unavyoviona leo vilijengwa baadaye juu ya mabaki yake. Mbele kuna kobe tisa wa mawe waliobeba mabamba ya mawe yenye maandishi ya mfalme Qianlong ya mwaka 1788. Kobe wa kumi alizama baharini wakati wa kushusha mizigo, akapatikana mwaka 1911. Mawe yale ni marefu. Usikae katikati yake.

Chumba cha kupanga, uliza jengo ni la mwaka gani. Baada ya tetemeko kubwa la Septemba 1999 masharti ya ujenzi yalikazwa. Katika tetemeko la mwaka 2016 walikufa watu 117, karibu wote katika jengo moja la ghorofa hapo hapo Tainan. Kimbia jengo ambalo chini ni duka wazi lenye nguzo chache. Weka viatu na tochi kando ya kitanda, na usizime tahadhari za simu.

Kwamba umebadilisha masomo nilisikia kwa shangazi yako. Sikupenda. Labda hukuona mahali pa kuniambia, nami nilikuwa nimeshazungumza mengi kuhusu udaktari. Baba yako anawaonyesha majirani michoro yako ya lango, wakitaka wasitake.

Mwaga maji kwenye visahani vya maua, kuna dengue kule. Hekaluni ingia mlango wa kulia ukitazama mbele, toka wa kushoto, na usikanyage kizingiti.

Bati la jikoni bado linavuja, fundi amekula malipo ya awali na hapokei simu. Mdogo wako anataka begi lako la zamani. Nimpe au utalirudia? Nitumie nakala ya pasi na namba ya akaunti ya kule kabla ya Ijumaa, benki hawanisikilizi bila karatasi. Na ukifika, piga simu kabla hujaenda kupima kitu chochote.

Mama yako